Faida Iliyotoka Saza

Mume wangu alikuwa fundi tairi pale Mpemba, kando ya barabara kuu, mahali malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka mpaka. Mimi niliwauzia wali na maharage madereva hao hao. Foleni ikiwa ndefu tulipata wote, na ikikatika tulikaa wote tukiitazama lami. Kwa hiyo tulikubaliana mapema: chakula changu kilishe nyumba, na pesa ya tairi, ikishatoa kodi ya vyumba viwili tulivyopanga, iingie kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, ambako mimi nilikuwa mwanachama. Kiwanja tulikuwa nacho. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta. Kilichobaki ni bati, na mahitaji ya binti yetu mkubwa ambaye Januari angekwenda shule ya bweni.

Mdogo wake mume wangu alikuwa ameacha kahawa ya familia huko Mbozi na kwenda Saza kutafuta dhahabu. Siku moja alikuja kwetu akiwa amekonda, akaeleza kwamba yeye na wenzake wana duara, yaani shimo lao la kuchimba, ila maji yanawasumbua na wanahitaji pampu. Aliomba tuingie ubia. Sikupenda, lakini ni mtu niliyemkuta akiwa mtoto wa shule wakati naolewa, akila kwenye sahani moja na kaka yake. Nikakubali tutoe kiasi kidogo, kiasi ambacho hata kikipotea watoto wasingekosa uji.

Baada ya mavuno ya mahindi alirudi. Aliweka mezani pesa yetu yote, na juu yake faida inayokaribia kuwa sawa na tulichotoa. Mume wangu alicheka hadi akafuta macho. Sitasema nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu sikuwa nao. Nilifurahi. Faida ile tuliinunulia friji, madereva wakaanza kupata soda na maji ya baridi kwangu, na nilipowasikia majirani wakiisifu nilijiona mama wa maana.

Shida ilianza mwisho wa mwaka, kikundi kilipokaribia kugawana akiba ya mwaka. Mume wangu alikuja kwenye banda langu mchana, mikono bado ina grisi, akasema mdogo wake amepiga simu. Wamefika kwenye mwamba wenyewe wenye dhahabu. Safari hii anataka kila kitu.

Nikamuuliza bati na shule je. Akasema vitarudi mara mbili. Nikasema hapana.

"Mara ya kwanza pia ulisita," akaniambia. "Hiyo friji imetoka wapi?"

Kama tungepoteza mara ya kwanza, ningejua la kusema. Lakini tulikuwa tumepata, na soda za baridi nilikuwa naziuza mwenyewe.

Wiki zilizofuata nyumba ilikuwa nzito. Akitaka chumvi alimwambia mtoto amwambie mama. Kanisani alikaa upande wa wanaume kama kawaida, lakini ibada ikiisha hakunisubiri. Kisha mama mkwe akapiga simu kutoka Mbozi. Hakunifokea. Alisema tu kwamba amesikia nimewafunga wanawe mikono, na kwamba yeye alipoolewa hakuwatenganisha ndugu. Nilimwitikia, "Ndiyo, mama," hadi akakata, halafu nikarudi kwenye sufuria ya maharage.

Siku ya mgao nilirudi na pesa nimeifunga tumboni kwa kitenge. Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni. Nikamwambia sikatai tena, ila sitaituma kwa simu. Tutaipeleka sisi wawili, na ninataka nilione shimo lenyewe.

"Humwamini ndugu yangu," akasema.

"Nataka kuona."

Alimpigia mdogo wake palepale. Mdogo wake akasema tusijisumbue, barabara ni mbaya, tutume tu. Mume wangu alipomwambia tumeshaamua, simu ikakatika. Akapiga tena, haikupokelewa. Akasema mtandao wa huko una matatizo. Nilimwona akiiangalia ile simu mara nyingi kuliko kawaida.

Tuliondoka asubuhi, tukabadilisha gari Mbalizi, tukaingia barabara ya vumbi. Njia nzima mikono yangu ilikuwa juu ya tumbo, hadi mama mmoja kwenye kiti cha mbele akaniuliza mimba ina miezi mingapi. Mume wangu hakucheka. Mwisho tulichukua pikipiki mbili hadi machimboni.

Tuliuliza duara la mdogo wake, tukaonyeshwa shimo lililojaa maji ya rangi ya chai, halina winchi wala mtu, majani yameota ukingoni. Aliyetuonyesha akasema tukimtaka mwenyewe twende kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Ndiko tulikomkuta. Alikuwa ameinama anavunja mawe kwa nyundo pamoja na vibarua wengine, nywele nyeupe kwa vumbi. Alituona, akaiweka nyundo chini taratibu. Hakutusogelea.

Mwenye karasha, mwanamke wa makamo aliyevaa buti za mvua, ndiye aliyetufikia kwanza. Alitusalimia vizuri, kisha akauliza, "Ninyi ndio ndugu zake mnaokuja kumlipia?"

"Kumlipia nini?" akauliza mume wangu.

Mwanamke akamgeukia shemeji yangu. Hapo ndipo kijana akaeleza, macho yakiwa kwenye mawe. Duara lilijaa maji hata kabla pampu haijamaliza mwezi, na wenzake wakatawanyika. Alishindwa kumwambia kaka yake. Akakopa kwa mwenye karasha pesa ya kuturudishia, na ile ya kuiita faida, akiamini atapata dhahabu kwingine kabla ya kudaiwa. Hakupata. Mwamba aliotuambia haukuwepo. Pesa tuliyoileta ilikuwa ya kulipia deni.

"Nilitaka usione umepoteza pesa yako bure kwangu, kaka," akasema. "Wewe ndiye uliyenisomesha."

Vibarua walikuwa wameacha kazi wanatutazama, na nilihisi macho ya wote yako kwenye kitenge changu. Nikamvuta mume wangu nyuma ya mashine. Nilidhani ataniambia tuondoke, au ataniambia nitoe zote. Aliuliza kwa sauti ya chini sana, "Tufanye nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza hivyo tangu kisa hiki kianze. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaweka kwa wiki kadhaa, nikayaacha. Nikamwambia kile tulichorudishiwa na ile faida havikuwa vyetu, vilikuwa vya yule mwanamke, na tukila vya mtu kwa kujua hatutalala. Tumlipe kiasi hicho. Riba ailipe mwenyewe kwa jasho lake. Pesa ya shule isiguswe.

Mwanamke alibishana kidogo kuhusu riba, mwishowe akapunguza. Niliwapa mgongo nikafungua kitenge. Fundo lilikataa kufunguka, mume wangu akanisaidia.

Friji tuliiuza wiki hiyo hiyo kwa muuza duka wa jirani. Nilipokuwa napita dukani kwake nilipitia upande wa pili wa barabara kwa muda mrefu. Binti alikwenda shule na sanduku la bati la mitumba lililopakwa rangi upya. Pesa ya bati haikutosha. Tuliezeka vyumba viwili tu, tukahamia humo, sebule ikabaki inatazama mbingu hadi misimu miwili ya mvua ikapita. Mama mkwe hakuzungumzia tena jambo lile, lakini alitutumia gunia la maharage, nami nikampigia kumshukuru.

Tangu hapo hakuna kati yetu anayemwahidi mtu pesa kabla hatujakaa chini. Bado tunagombana. Ila siku hizi tunauliza pesa imetoka wapi, hata inapokuja kwa kicheko.

Mwaka uliofuata shemeji yangu aliachana na karasha, akarudi kwenye kahawa. Siku moja akamtumia kaka yake kiasi kidogo kwa simu, bila maelezo. Mume wangu alikuwa anakula. Aliuweka mkate chini, akampigia.

"Nimeiona," akasema. "Umeitoa wapi?"

Kisha akasubiri ajibiwe.