Baiskeli yangu ya injini ilizima mara saba kati ya Burma na Njiru, na kila aliyeitengeneza "aliiponya"

Wakuu, niaje. Vuteni viti.

Juzi mwenzetu mmoja hapa alilalamika kwamba pikipiki yake imekataa kuwaka na ameshabadilisha nusu ya injini. Nilisoma nikacheka peke yangu mpaka wajukuu wakaniangalia.

Mimi hiyo shule niliisoma miaka ya tisini, hapa hapa Eastlands. Hiki kisa sikuhadithiwa. Pale kumbukumbu imekatika nitasema imekatika, sitaweka kiraka.

Basi.

Wakati huo tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kaloleni, mimi, Mama Nduku na Nduku mwenyewe. Nilikuwa nimeacha kazi ya utanboi, ile ya kupakia na kupakua lori, mgongo ulikuwa umenishitaki. Nikanunua baiskeli nzito ya chuma, ya zile za kubebea mikate, ambayo mtu alikuwa ameifunga injini ndogo katikati ya fremu. Tangi dogo juu, klachi mkononi, na pedali bado ziko. Kuiwasha unakanyaga pedali ukiwa umeshika klachi, ukishapata mwendo unaachilia, inakohoa mara mbili tatu, halafu inashika.

Mwenye kuiuza alitaja bei, nikacheka. Akataja nyingine, nikashika kofia nikaanza kwenda. Ya tatu ndiyo tulisalimiana nayo. Hiyo tuiache hapo, sio hoja ya uzi.

Kazi yangu ilikuwa hii: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nanunua matumbo Soko la Burma asubuhi, nafunga gunia kwenye keria, napeleka Njiru kwa Mama Njoki. Huyu mama alikuwa na kibanda cha chakula karibu na machimbo ya mawe. Wavunja mawe wakitoka saa saba wanakuja na njaa ambayo haina adabu.

Sharti lake lilikuwa moja tu. Matumbo yafike kabla redio yake haijasema saa tatu.

"Baba Nduku, matumbo hayaivi kwa maombi," aliniambia siku ya kwanza. "Yanataka masaa manne motoni. Ukinichelewesha, wale watu watanila mimi."

Kwa miezi miwili sikuchelewa hata mara moja. Nilianza kujiona nina kampuni.

Halafu ikaja ile wiki.

JUMATATU.

Nimetoka Burma vizuri, niko Jogoo Road, upepo mzuri. Nafika pale Makadara karibu na mahakama, injini ikaanza kudhoofika kama mtu anayesinzia kanisani. Put... put... kimya.

Nikasimama kando. Fungua tangi, chungulia: petroli imejaa. Funga. Toa plagi, pangusa na shati, igusishe kwenye chuma, zungusha: cheche iko, ya bluu. Rudisha. Kanyaga, achilia klachi, ikashika!

Watu waliokuwa wanangoja kesi zao walinipigia makofi. Nikaondoka kifua mbele. Fundi ni mimi.

Nilipofika Donholm ikazima tena.

Hapo kulikuwa na jamaa anaitwa Wachira, alikuwa anatengeneza pikipiki chini ya mti. Akaja akipangusa mikono kwenye suruali.

"Kwanza tuone kama uko na petroli, ama uko na matumaini," akasema. Akafungua tangi, akachungulia, akafunga. Akatoa plagi yangu, akaiangalia kwa huruma kama daktari. "Hii imezeeka, mzee. Hii inafaa kustaafu."

Akaniuzia nyingine iliyokuwa imestaafu pia, lakini kwa mtu mwingine. Tukakanyaga, ikashika mara moja.

"Umeona?" Wachira akasema.

Nikaona. Nikaona pia Kangundo Road, kwa sababu ndiko ilikozima mara ya tatu. Sasa nilikuwa na hasira na sikutaka kufungua chochote. Nilikanyaga, nikakanyaga, ikakataa kabisa. Nikapiga pedali mpaka Njiru na gunia la matumbo na injini iliyolala. Mtu ambaye hajawahi kuendesha baiskeli yenye injini iliyozima asiniambie kitu kuhusu mazoezi.

Nilifika saa nne. Mama Njoki hakunigombeza. Aliinua kidole kimoja tu, akarudi jikoni.

JUMATANO.

Sasa hapa lazima niwaambie tabia yangu moja. Mimi nahesabu vitu. Hata bila kutaka. Ngazi, mabati ya jirani, sadaka ikipita, nahesabu kwenda na nahesabu kurudi. Siku hiyo nilikuwa na wasiwasi, kwa hivyo nikahesabu nguzo za stima kutoka Burma.

Ilizima kwenye nguzo ya sitini na mbili. Makadara tena, karibu palepale.

Nikaisukuma mpaka kwa Mzee Yusuf, fundi aliyekuwa na turubai lake nyuma ya maduka. Mtu mtulivu, mzaliwa wa Eastleigh, anaongea huku mikono inafanya kazi. Akafungua tangi, akanusa petroli, akaniuliza oili nimechanganya vipi, nikamwambia, akasema sawa. Akafunga tangi. Akashusha kabureta, akaipuliza, akatoa chembe moja ndogo kama mbegu ya nyanya. Akaniwekea kiganjani.

"Adui yako huyu hapa."

Wakuu, nilimwamini. Chembe ilikuwa na sura ya adui kweli.

Ikashika. Nikaondoka, nikaanza kuhesabu upya. Sitini na tisa. Ikazima.

Nikatoa plagi, safi. Cheche iko. Nikakanyaga, wapi. Pedali tena mpaka Njiru.

Mama Njoki aliinua vidole viwili. Safari hii akaongea.

"Baba Nduku, juzi wavunja mawe walikula sukuma wiki kwa sababu yako. Leo watakula maharagwe. Kuna mtu wa mkokoteni hapa Njiru anaomba hii kazi kila siku. Ijumaa ukinichelewesha tena, Jumatatu usijisumbue kutoka kitandani."

Nikamwambia Ijumaa nitafika. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Ndani sikujua chochote, lakini sauti ni bure.

Nikirudi nikapitia kwa Mzee Yusuf, nikamweleza habari za nguzo.

"Sitini na mbili, halafu sitini na tisa."

"Mzee, injini haihesabu nguzo."

"Hii yangu inahesabu."

Akacheka. Akasema kama sio kabureta basi ni koili, ile inayozalisha cheche, inapata joto inakufa, na kwa bahati yeye alikuwa na koili moja. Akataja bei. Nikashika kofia. Akashusha. Nikamwambia nitafikiria, kwa sababu kitu kimoja kilikuwa kinanikuna: koili ikifa kwa joto inataka ipoe kwanza ndio iamke. Yangu Jumatatu pale Makadara ilikuwa imeamka haraka, na kule mbele, baada ya kupumzika vizuri, ikakataa.

IJUMAA.

Niliondoka mapema. Nikafunga gunia, nikaomba kidogo, nikahesabu. Makadara ikazima. Nikafungua tangi, petroli iko, nikafunga, sikugusa kitu kingine, nikakanyaga kwa hasira tu.

Ikashika.

Nikaondoka bila kufikiri, nikafurahi kama mjinga. Sikuuliza kwa nini. Nilipoingia Kangundo Road ikazima. Hiyo sasa ni ya saba. Nimehesabu mara mbili: tatu Jumatatu, mbili Jumatano, mbili Ijumaa.

Nikakaa kwenye ukingo wa barabara. Kutoka pale kwa pedali nisingeiwahi saa tatu, hilo nililijua. Nilikuwa namwona yule mtu wa mkokoteni kichwani, anapangusa mkokoteni wake kwa matumaini.

Nikajisemea, wewe si unahesabu? Basi hesabu.

Mara ya kwanza nilipangusa plagi, ikawaka. Wachira akabadilisha plagi, ikawaka. Yusuf akasafisha kabureta, ikawaka. Leo asubuhi sikufanya kitu, ikawaka. Dawa tatu tofauti na moja ya hewa, zote zimeponya mgonjwa mmoja, na zote zimeisha nguvu baada ya mwendo uleule.

Na zile mara mbili ilizokataa kabisa?

Hapo nikasimama. Hizo mara mbili sikufungua tangi.

Kila fundi, na mimi mwenyewe, kabla ya kugusa chochote, tulifungua tangi tuchungulie petroli. Ndiyo tabia ya kila mtu hapa mjini, kwanza hakikisha mwenzako hajakauka. Tulikuwa tunaitibu bila kujua, halafu tunasifu plagi.

Nikainama, nikaweka sikio karibu na kifuniko, nikakizungusha polepole.

Fyuuuu.

Tangi lilivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Na ule mlio nilikuwa nimeusikia tangu Jumatatu! Nilidhani ni gesi, kama ya soda.

Nikageuza kifuniko. Katikati hukaa kitundu kidogo cha kuingiza hewa, kwa sababu petroli ikishuka lazima hewa ichukue nafasi yake. Ni kama mkebe wa maziwa, ukitoboa upande mmoja tu hayatoki. Kitundu sikukiona. Palikuwa na kitu kigumu cha rangi ya samli, kimesuguliwa vizuri, kimelainishwa kwa kidole.

Nikanusa. Sabuni ya kufulia.

Nilikuwa na sindano ya kushonea magunia. Nikatoboa, nikapuliza, nikatoboa tena. Nikakanyaga. Wakuu, ile injini iliitika kama iliyokuwa inangoja kuulizwa vizuri. Sikuhesabu nguzo tena.

Naingia kwa Mama Njoki, redio yake inapiga muziki. Nikashusha gunia. Muziki ukaisha, mtangazaji akasema ni saa tatu kamili.

Mama Njoki akaangalia redio, akaniangalia, akafungua gunia, akaangalia matumbo.

"Jumatatu uongeze maini," akasema, akarudi jikoni.

Sasa nyumbani.

Niliingia na kile kifuniko mkononi kama kielelezo cha mahakamani. Mama Nduku alikuwa anapiga pasi gauni lake la kwaya.

"Mama Nduku, hii sabuni ni ya nani?"

"Yangu," akasema bila kusimamisha pasi. "Na gauni ni langu. Na petroli iliyolidondokea ni yako."

Hapa lazima nikiri. Baiskeli ililala chumbani na sisi, kwa sababu kwenye plot ya wapangaji wengi kitu kinacholala nje kinaamka kwa mtu mwingine. Ilikuwa inaegemea ukuta karibu na kamba ya nguo. Na tangi nilikuwa sikubali lijazwe nusu. Yule wa petroli alikuwa lazima ajaze mpaka shingoni nione kwa macho, ndio nijue sikuibiwa. Ikiegemea, inadondoka kwa kile kitundu. Jumamosi ilidondokea gauni. Jumapili mke wangu akaimba safu ya mbele akinuka kama stesheni ya mafuta.

Na kaka yake ni dereva. Kila dereva wa Nairobi anajua: tangi likivuja, kabla ya fundi inaitwa sabuni. Mama Nduku alijifunza kwake, akasugua sabuni kwa ustadi, petroli ikakoma kudondoka. Kazi safi kabisa.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Hapo ndipo akaweka pasi chini.

"Nilikuambia Jumapili jioni, Baba Nduku. Nikakuambia nimeziba ule mdomo wa tangi kwa sabuni. Ukasema 'sawa mama.' Hukuinua kichwa."

"Nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa unahesabu."

Nilichukua baiskeli nikaihamishia ukuta wa pili, mbali na nguo, na kuanzia siku hiyo nikaacha nafasi ya vidole viwili kwenye tangi.

Kwa hivyo ewe wa pikipiki iliyokataa: kabla hujanunua koili, fungua kifuniko polepole na usikilize. Na kama dawa tatu tofauti zimeponya ugonjwa mmoja, basi hakuna hata moja iliyouponya, tafuta kile mlichofanya nyote bila kukihesabu. Halafu uende nyumbani uulize kama kuna kitu uliambiwa.

Wewe chombo chako kilipokataa, mwishowe ulikuta nini? Andika hapo chini. Na kama mkosaji alikuwa wewe mwenyewe, usione haya, hapa tayari tuko wawili. Nimehesabu.