Simu Iliyozimwa Makaburini

"Usiniombe samahani tena, Veri! Tangu umeingia unaomba. Umemwomba paka. Umekiomba hata kiti ulichokigonga, nimekusikia!"

"Samahani, dada."

"Haya! Mnamsikia?"

Yonasi, ndugu yao wa katikati, alikuwa akikoroga maharage. Akacheka. "Ndivyo walivyo Wakanada, dada. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi."

"Mkanada gani! Huyu Mrundi kazaliwa kambi ya wakimbizi Kigoma, kwenye hema linalovuja. Mgongo uliompeleka foleni ya unga ni huu hapa."

Kweli alimbeba. Teopista ndiye kifungua mimba, na maisha yake yote ni kubeba: mdogo wake, maji, kuni, na sasa maboksi kwenye ghala la Jeffersontown, kwa muda wa saa kumi kila siku, anarudi nyumbani mtaa wa Highview, Louisville, magoti yamevimba. Alipanda basi kutoka Louisville hadi Columbus kwa Yonasi, wakaja pamoja kwa gari mpaka hapa Kenmore, kando ya Buffalo, nyumbani kwa mkwe wa Yonasi. Veridiana alikuwa na likizo ya siku mbili tu kutoka Hamilton, ng'ambo ya mpaka, na pasipoti ndiyo kwanza ameipata; mama alipozikwa Louisville hakuwa nayo.

Walikuja kumaliza matanga ya mama. Mwaka na nusu ulikuwa umepita, na Teopista amekataa katakata yasimalizwe, maana mtoto mmoja alikuwa hajalia.

Siku mama alipokata roho, Teopista alimpigia Veridiana simu akingoja yowe la kumpasua sikio. Akasikia sauti ndogo: "Samahani, dada. Samahani sana." Basi. Kama mtu aliyekugonga kwa kigari dukani. Teopista akawatangazia waombolezaji kwamba nchi ya adabu imemkausha mdogo wake, na neno hilo likazunguka Highview nzima.

Sasa akalirudia mbele ya Veridiana. "Wamekupa adabu, wakakunyang'anya machozi."

Veridiana, aliyekuwa akipanga meza, akaweka kijiko chini.

"Dada, uliponipigia nilikuwa kazini, kwenye nyumba ya wazee, namlisha bibi mmoja uji. Ana miaka tisini na moja. Akiona mtu analia naye analia, chakula kinamkaba. Nikamwambia msimamizi mama yangu amefariki. Akasema samahani sana, akanishika bega, kwa upole kabisa, akasema hakuna wa kunishikia zamu. Nikamaliza uji. Nikalisha na wengine sita. Wapole ni wapole. Nililia chooni, bomba nimelifungulia nisimsumbue mtu."

Yonasi akaacha kukoroga maharage.

"Na siku ya maziko nilivaa kitenge, nikakaa kitandani na simu yangu. Uliniahidi utaishika yako juu nione. Nikaona miti, nikaona viatu vya watu, halafu giza. Nilipiga mara kumi na nne."

"Chaji iliisha," Yonasi akasema. "Si ndivyo, dada?"

Ndivyo alivyowaambia wote. Teopista akaitazama mikono yake.

"Haikuisha. Niliizima. Nilisema moyoni, asiyelia asione."

Maharage yakaanza kushika chini. Hakuna aliyegeuka.

Katika ukoo wao, mkubwa hamwombi mdogo msamaha. Humwita kula, nayo huishia hapo. Teopista hata chakula hakukipika yeye. Akavuta kiti hadi goti likagusa goti la mdogo wake, akaanza kusimulia. Jeneza jeupe. Manyunyu tangu asubuhi. Mama kafungwa kitenge cha kijani, kile alichovaa siku ya ubatizo wa Veridiana. Wachimba kaburi walileta mashine ya kufukia, Warundi wakakataa, wakafukia wenyewe kwa sepetu, suti zikajaa matope.

"Nilitupa udongo mara mbili," akasema. "Mara ya pili ulikuwa wako. Pamoja na hasira zangu zote, nilitupa kwa niaba yako."

Hapo yowe likamtoka Veridiana. Lilitoka limekaa mwaka na nusu, likatikisa vikombe. Yonasi akakimbilia dirisha alifunge. "Majirani, jamani!"

"Liache wazi," Teopista akasema.

Alimshika mpaka akaishiwa pumzi. Kisha akasema, kwa shida, maana mdomo wake haukulizoea neno hilo: "Unisamehe, mdogo wangu. Nilikunyima maziko ya mama."

"Nimekusamehe, dada. Yaishe."

Teopista akachota maji kwenye bakuli, wakanawa mikono wote watatu, kama watu wanavyonawa wakitoka makaburini. Ndipo wakala maharage yao, yameungua vile vile.