Wageni Watacheza, Binti Yangu Atatazama

Admin, naomba ufiche jina langu, maana huku kwetu tunajuana hadi kwa sauti. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, naishi Sindo, kando ya ziwa, nauza omena, wale dagaa wadogo. Mume wangu yuko migodi ya dhahabu upande wa Migori. Akipata anatuma, asipopata ananyamaza, na siku hizi amenyamaza sana.

Niko na binti wa miaka kumi na minne, hapa nitamwita Akinyi. Anacheza hoki, ile ya viatu vya magurudumu. Msicheke, hata mimi nilicheka. Kuna mwalimu kijana alikuja na viatu vya kuvaliwa kwa zamu, akafundisha watoto kwenye sakafu ya simiti ya soko la samaki, soko likishafungwa na magamba yakishaoshwa. Akinyi shuleni hata mkono hainui, lakini mpe hivyo viatu na gongo uone. Mwaka jana kulikuwa na mashindano Migori, timu yetu haikuenda kwa sababu ya nauli. Alilia hadi akashikwa na homa.

Ndiyo maana mwaka huu sisi wazazi tulimwomba huyo mwalimu, ambaye ndiye kocha, mashindano yaletwe hapa kwetu. Tulisema yakiwa hapa hakuna nauli, hakuna kulala nje, kila mtoto atacheza. Kocha akahangaika, akakubaliwa. Yatakuwa Jumapili hii, kwa vile wengi wetu ni Wasabato. Siku alipokubaliwa tulipiga vigelegele, yawa, kumbe mimi nashangilia shida yangu mwenyewe.

Kocha akauliza nani anaweza kulaza watoto wa timu za nje. Nikawa wa kwanza kuinua mkono. Nikapewa wasichana wawili kutoka Migori. Sasa hapa ndipo nilipokosea, na naomba mnielewe. Kwa chama chetu cha kina mama, mwenye zamu ya kukaribisha hatoi mchango siku hiyo. Chakula chake na viti vyake ndivyo mchango. Kwa hivyo nikajua nikishalaza wageni, Akinyi ameshalipiwa ada yake ya mashindano. Sikuuliza mtu. Ningeulizaje kitu ambacho najua?

Ile pesa nilikuwa nimemwekea ya kuingia mashindano, nikanunua godoro. Nikanunua shuka, pazia na kuku wawili. Jamani, mtoto wa watu atoke Migori aje alale kwangu kwa mkeka, ale omena? Kesho nitapita wapi na uso huu?

Jumanne kocha akapita kibandani kwangu. Akasema, "Mama Akinyi, umebaki wewe tu. Mwisho wa kulipa ada ni Ijumaa."

Nikamwambia, "Ada gani tena, mwalimu? Si mimi ndiye ninalaza wageni?"

Akainamisha kichwa. "Najua, mama, na Mungu akubariki. Lakini hiyo ni ya nyumba. Ada ni ya uwanja, marefa wanatoka mbali, na mbao za kuzungushia uwanja tumekodi. Mimi mwenyewe mshahara wangu wote umeingia humo. Nikikuachia wewe, wengine nitawaambia nini?"

Sikuwa na hasira naye, na hilo ndilo linaniumiza. Ningepata wa kulaumu ningelala.

Nilirudisha godoro dukani. Mwenye duka akasema nailoni ya kulifunika ilishatolewa, hawezi kulipokea. Kwa chama bado niko na mkopo wa sare za shule. Mvua imenyesha wiki nzima, omena haikauki, wanunuzi wanaichukua kwa bei ya chakula cha kuku. Mume wangu hapatikani kwa simu. Nilipomweleza jirani yangu, alicheka hadi akashika mlango. "Kwani godoro ndilo litafunga goli? Wewe na welo wako!" Welo ndio wageni kwa Kijaluo. Nilicheka pia, halafu nikaingia ndani nikalia.

Nilimwambia Akinyi jana akiosha vyombo. Heri angenitukana. Aliosha ile sufuria moja muda mrefu, kisha akasema, "Ni sawa, Mama. Nitawapikia. Lakini usiwaambie wageni, watashindwa kula." Halafu akaenda akafua jezi yake, ile namba saba, akaianika kama kawaida. Mwakani umri wake utakuwa umepita, hataruhusiwa tena kucheza na timu ya watoto.

Jirani ananiambia nimpigie mama wa mmoja wa hao wasichana nimwombe alipie Akinyi, kwani mtoto wake atalala na kula bure. Nitaanzaje kumdai mgeni ambaye hajafika? Wengine wanasema niuze wale kuku, lakini si wao watakaosemwa kwamba waliwalisha wageni ugali mtupu. Mwingine anasema nikatae wageni kabisa. Sasa wakishafika stendi Jumamosi jioni, waende wapi?

Leo asubuhi huyo mama wa Migori amenitumia meseji. Ameandika kwamba binti yake ana furaha, hajawahi kulala karibu na ziwa, na anauliza Akinyi huvaa namba ngapi, ili siku hiyo amtambue uwanjani ampigie makofi.

Nikajibu, "Namba saba."

Mnaosoma hapa, hasa kina mama, kesho ndiyo Ijumaa. Niambieni nifanye nini, maana jezi bado iko kwenye kamba na mimi nashindwa kuianua.