Taharuki Niliyobeba Kwenda Rhonda

Mimi ni mwanahabari wa televisheni hapa Nakuru, na maneno yangu huwa nayapanga kabla sijafika kwenye tukio. Siku bomba la majitaka lilipopasuka mtaani Rhonda, nilikuwa nimeshaamua nikiwa garini kwamba hali ya taharuki imetanda. Nikashuka na tai yangu na maikrofoni yangu, nikaanza kutafuta mahali pakavu pa kusimama.

Taharuki yenyewe haikuwepo. Watu walikuwa wanaruka kutoka jiwe hadi jiwe wakienda zao kazini. Mama mmoja muuza mandazi alikuwa tayari anarusha kila kitu moja kwa moja kwa simu yake.

"Boss, songa kidogo, unaniziba," akaniambia.

Nikasonga, nikatumbukiza kiatu kwenye uchafu. Hapo akanigeuzia simu. "Huyu hapa ni mtu wa habari. Hebu tuambie, hii maji imetoka wapi?"

Nilitafuta taharuki yangu mdomoni nikaikosa. "Sijui, mathe. Ndiyo nafika tu."

Jioni mhariri wangu aliacha picha zangu zote, akaonyesha video ya yule mama. Nami nilikuwa humo, mguu mmoja juu kama korongo, na chini ya uso wangu wameandika "mkazi wa Rhonda".

Mama yangu akapiga simu kutoka Gilgil. Nilidhani ananipa pole.

"Leo umeongea vizuri," akasema. "Miaka yote umekuwa kwa TV, sijawahi kukusikia ukisema hujui."