Sura Moja kwa Sufuria ya Makande

Mimi kitabu nakisoma jikoni, na nakisoma siku ya makande tu. Wali hauna nafasi ya kusoma, ukigeuka umeungua. Ugali ndiyo kabisa, mikono yote miwili iko kwenye mwiko. Lakini makande ukishayabandika na kuni zikashika, yanakuachia muda wako. Nakaa kwenye kigoda, naweka kitabu magotini, na mahindi yakilainika sura inakuwa imekwisha. Hata ikiishia pabaya, mtu ameshika panga na mlango unagongwa, nafunga kitabu na kusubiri makande mengine. Mume wangu si mpenzi wa makande, kwa hiyo kitabu kinene kinaweza kunichukua mwaka na zaidi.

Wifi yangu ni kinyume changu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mwalimu mstaafu, na nyumba yake iko jirani na yetu hapa Mfaranyaki. Anasoma kama anayefukuzwa. Anaanza na ukurasa wa mwisho, ajue kama kitabu kinastahili macho yake, halafu anarudi mwanzo na kuruka kila palipoelezwa mvua na milima. Anaanza asubuhi, jioni amemaliza, na kabla hajakirudisha keshakusimulia. Akinikuta jikoni na kitabu kile kile cha mwezi uliopita, anasimama mlangoni na kuniuliza kama ninasoma au ninatamia.

Kwa utani huo sina neno. Mawifi hutaniana, na mimi pia nilimpa yake. Kinyongo changu ni cha jambo moja tu, na ninaliandika nikiwa na akili zangu timamu: nililipiza, na nilifurahi.

Mdogo wangu wa kiume aliondoka nyumbani Namtumbo kwenda upande wa Tunduru kutafuta mawe ya vito. Baadaye tukasikia amevuka kuingia Msumbiji, kisha simu yake ikaacha kupatikana. Mama yetu hakulia mbele ya watu. Alichofanya ni kuendelea kulima kile kipande cha shamba ambacho mdogo wangu alikuwa amepewa, kule bondeni. Alikipanda, akakipalilia, na mahindi yake aliyaweka mbali na mengine. Mtu akiomba akilime yeye, alijibiwa kuwa mwenyewe yupo.

Katika kipindi hicho ndipo nikapata kitabu kwa muuza mitumba anayetandaza vitabu chini karibu na duka langu la steshenari. Kilikuwa hadithi ya mama mmoja wa kijijini ambaye mwanawe ameenda mgodini na habari zake zimekatika. Nilisoma sura ya kwanza na makande yakashika chini ya sufuria, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Jioni ile nikampigia mama simu nikamsimulia sura nzima. Tukaizoea desturi hiyo. Nikipika makande, mama anapata sura yake. Alikuwa akipokea simu, hata salamu hazijaisha, anauliza, yule mama mwenzangu anaendeleaje? Amesharudi mtoto? Namwambia bado. Ananiambia, haya, nenda taratibu.

Hakutaka nikimbie, na mimi sikutaka kukimbia. Sote wawili tuliuogopa mwisho wa kitabu kile na sote wawili tuliutaka. Maadamu kurasa zilikuwa bado zipo, kijana alikuwa njiani.

Tulikuwa tumevuka nusu wifi alipokiona. Akaniomba siku mbili tu, akasema atakirudisha kabla makande yangu hayajaiva. Wifi humnyimi kitabu. Nikampa.

Alikirudisha siku ya komunio ya kwanza ya mjukuu wake, sherehe iliyofanyika uani kwetu kwa sababu uwanja wetu ni mpana. Mama yangu alikuja kutoka Namtumbo na jogoo wake wa zawadi. Tulikuwa tunakula pilau. Wifi akanyanyuka na kitabu mkononi, akaja mpaka tulipokaa, akasema kwa sauti yake ya darasani, ile inayofika mpaka dawati la nyuma:

"Wifi, usijichoshe na hiki. Yule kijana wanamzika. Ukurasa wa mwisho wote ni mazishi."

Watu wakacheka, kwa sababu walikuwa wanajua tabia yake na ya kwangu. Mama hakucheka. Aliweka sahani yake chini ya kiti, akanawa mikono, akasema amechoka na safari. Kesho yake akaondoka na basi la kwanza.

Mvua zilipoanza nikasikia kwamba kile kipande cha bondeni amempa jirani alime. Nikampigia. Hakukasirika, hakulia. Alisema tu, si tulisikia wote, mwanangu. Najua kitabu ni kitabu. Mama naye alijua, si mtoto mdogo. Lakini alikuwa ameshika pale, na wifi alimbandua vidole mbele ya pilau. Tangu siku ile hakuniuliza tena habari za mama mwenzake.

Kitabu nikakifungia ndani ya sanduku, chini ya vitenge, alama yangu ikiwa bado katikati. Wifi sikumwambia kitu. Kila asubuhi nilimpa shikamoo yake kamili, akaitikia marahaba yake kamili. Nikasubiri. Mtu anayesoma kitabu kwa mwaka mzima anajua kusubiri.

Nilichosubiri kilikuja chenyewe, kwa jina la mtoto wa jicho. Macho ya wifi yaliingia ukungu, jicho moja kisha la pili, akafanyiwa upasuaji hospitali ya misheni. Mume wangu akamhamishia kwetu apate uangalizi. Daktari alimkataza moshi, akamkataza kuinama, na akamwambia asisome chochote mpaka apewe miwani mpya. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma. Redio ilimchosha mapema, na kaka yake hasomi chochote isipokuwa matokeo ya mpira kwenye simu. Basi akaniita chumbani, akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake kwamba ananiomba nimsomee. Nilikubali haraka mpaka mume wangu akanitazama.

Nilichagua kitabu ambacho hakuna kati yetu aliyekijua. Mteja mmoja alikiacha dukani na hakukirudia. Kilihusu moto uliochomwa kwenye bani la kukaushia tumbaku, mlinzi akafia ndani, na kijiji kizima hakimjui aliyewasha. Kitabu cha namna hiyo wifi angekifungua mwisho kabla hajakaa.

Siku ya kwanza nilibandika makande. Yeye nikamwekea kiti nje ya mlango wa jiko, upande usiopata moshi. Nilisoma kila neno. Mvua yote niliisoma, na milima yote. Makande yakaiva mlinzi akiwa ndiyo kwanza ameokotwa kwenye majivu. Nikafunga kitabu.

Akaniambia niendelee. Nikamwambia makande yameiva. Akasema si neno, niyaepue kisha niendelee. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba mimi ndivyo ninavyosoma.

Kesho yake nikapika wali. Siku iliyofuata nikakaanga dagaa, halafu ndizi, halafu mayai. Wiki nzima sikugusa mahindi. Nilikuwa namsikia akivuta kiti chake mpaka pale mlangoni, ananusa, anajua ni mchicha, anarudi ndani. Kusema kweli usingizi wangu siku zile ulikuwa mtamu.

Kisha akaanza kudai makande. Huyu ni mwanamke aliyelishwa makande bwenini tangu msichana mpaka akawa mwalimu, na aliapa kwamba akistaafu hatayatia tena mdomoni. Sasa akamwambia kaka yake kwamba mwili wake unayatamani. Mume wangu akanunua mahindi yaliyokobolewa, akayala na yeye bila kunung'unika, maskini, akidhani ni tiba. Nikapika. Lakini wifi akinisema kidogo, labda chumvi imezidi au kanga yangu haikukaa vizuri, kesho yake ni wali.

"Niambie tu ni nani," alinisihi siku moja. "Fungua nyuma, soma jina moja."

"Tutafika, wifi."

Nilidhani nitamtesa hivyo mpaka mwisho. Ila katikati ya kitabu kuna kitu kilibadilika kwake. Aliacha kuniomba. Akaanza kukisia. Alikuwa ananipigia simu dukani, mashine ya fotokopi inanguruma, kuniambia kwamba amemfikiria tena karani wa mizani na hamwamini. Akampenda sana mjane mmoja muuza uji ndani ya kitabu, mama wa yule mlinzi aliyekufa. Kila tukianza sura aliniuliza, yule mama anaendeleaje? Maneno yale yale. Nilipoyasikia mdomoni mwake nilibana meno mpaka yakaniuma.

Miwani ikaja. Zilikuwa zimebaki sura mbili. Nikaiacha hadithi yetu mezani makusudi, nikaenda dukani, niliporudi ilikuwa pale pale. Angeweza kuimaliza kabla ya chai. Hakuigusa. Akaniambia hizo mbili tutazimalizia jikoni kama tulivyoanza, na nisithubutu kumtangulia. Alisema maisha yake yote hajawahi kulala hajui mwisho, na kwamba ni raha ya ajabu.

Hapo nikajua nimempata.

Kesho yake mchana umeme ukakatika, duka likawa kimya. Nikatoa kitabu kwenye mkoba nikafungua ukurasa wa mwisho. Tangu nijue kusoma sikuwahi kufanya hivyo. Nikausoma, nikarudi nyuma kurasa chache kuhakikisha, nikakirudisha kitabu mkobani.

Wanajumuiya wenzetu wa kanisani walikuja kusali kwetu kumshukuru Mungu kwa macho ya wifi. Baada ya sala tukanywa chai na viazi vitamu. Wifi alikuwa na furaha, miwani inang'aa, anawasimulia wenzake kitabu chetu, jinsi tunavyokwenda nacho sufuria kwa sufuria, jinsi alivyowakataza wote nyumbani wasimwambie lolote. Akanigeukia nimuunge mkono.

"Usijichoshe, wifi," nilimwambia. "Aliyewasha moto ni yule mjane wako wa uji. Hakujua mwanawe yumo ndani."

Hakuna aliyecheka. Mzee wa jumuiya alishika kikombe chake akakiangalia. Wifi alivua miwani, akaifuta kwa kanga taratibu, akaivaa tena, na swali lake lilikuja kwa sauti ndogo.

"Umesoma lini?"

"Jana. Dukani."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa matokeo aliyoyatarajia. Nilikuwa nimemwona mama yangu akiweka sahani chini ya kiti, na sasa nikamwona yeye akiweka kikombe chini ya kiti. Nilikunywa chai yangu yote, na ilikuwa tamu. Sitadanganya hapa kwamba ilikuwa chungu.

Watu walipoondoka alinifuata jikoni. Nilikuwa naosha vyombo na sikugeuka. Alisimama pale penye kiti chake cha mlangoni, nikadhani amekuja kugombana.

"Kile kitabu cha mgodini sikukisoma, wifi," alisema. "Nilifungua mwisho tu. Macho yalikuwa yameshaanza kunisumbua na sikutaka mtu ajue, hasa wewe. Niliona mazishi. Ya nani, sijui. Nilisema kijana kwa sababu nilidhani ndivyo vitabu vinavyokuwa."

Sahani niliyoshika niliirudisha majini. Nilitaka kumpiga nayo. Mama yangu alikuwa ameachia shamba la mwanawe kwa sababu ya ukurasa mmoja uliosomwa na macho yenye ukungu, na mwenye macho hayo amekuwa akila kwangu, ananiitikia marahaba. Nilimwambia maneno ambayo wifi mkubwa haambiwi, na sitayaandika. Aliyapokea yote amesimama.

Nilipomaliza nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikavuta kitabu kutoka chini ya vitenge. Alama yangu ilikuwa mahali pake. Nikampigia mama. Nilimwambia kuwa yule mama mwenzake bado anasubiri, kwamba tulichoambiwa hakikusomwa, na kwamba kesho nina sura. Mama akauliza kama yale makande nitatia karanga.

Kesho yake nikabandika sufuria mapema. Wifi alikuja na kigoda chake mwenyewe, akakaa mlangoni upande usio na moshi, mikono mapajani, akiwa ameelekeza sikio.

"Hiki ni cha mama," nilimwambia.

Hakuondoka. Nikakiweka kitabu magotini, nikafungua kwenye alama, nikasoma kimoyomoyo, kila mvua na kila mlima, naye amekaa pale ananitazama midomo mpaka makande yakaiva.