Mshona Marobota wa Xiaobei

Simu haitoki kwenye droo mpaka robota la mwisho lishonwe: hiyo ndiyo kanuni aliyojiwekea mshona marobota wa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Guangzhou, China, na ndiyo iliyomfanya Swalha, mchuuzi wa nguo wa Dar es Salaam, amwamini. Alipenda kumtazama akivuta uzi kwa shazia, sindano kubwa ya kushonea marobota, dole gumba lake gumu kama kisigino, huku akiimba puani nyimbo za filamu moja ya kale ya Kihindi kwa lugha ya Kitelugu, ya mwana wa mfalme na mcheza ngoma wa kasri. Kitelugu chenyewe mshonaji hakukijua hata neno moja.

Adhuhuri ile Swalha alikuta simu imeegemezwa kwenye mzani, filamu ile inaonyeshwa, mcheza ngoma anaimba akiwa kwenye minyororo, na robota lake la nguo za Idi bado liko wazi. Nje, lori la kupeleka mizigo kwenye kontena lilikuwa likipiga honi.

"Ami, lori hilo!"

"Subiri, mwanangu. Anamuaga."

"Huyo anamuaga tangu mimi sijazaliwa! Shona!"

Mshonaji aliinua kidole kumnyamazisha, macho yamemlowa, shazia ikining'inia kwenye uzi. Wimbo ulipokwisha alishona upesi na vizuri, kama kawaida yake, lakini lori lilikuwa limeshaondoka. Kontena likafungwa bila robota lile, na nguo za Swalha zikafika Dar es Salaam Idi imeshapita.