Mtu Mmoja wa Kufikisha Thelathini na Saba

Asubuhi moja ya mwaka jana imekataa kunitoka kichwani, mwanangu. Ndiyo, nakuita mwanangu. Nina miaka kumi na saba na ndevu tatu, lakini wewe unaingia darasa ninalotoka, kwa hiyo kaa chini usikilize mzee wako.

Shule yetu hapa Butembo ilikuwa inafunga mlango saa moja kamili. Ukichelewa, unarudishwa nyumbani. Kavira, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa anatembea kutoka mwisho kabisa wa Bulengera, na mvua ikinyesha njia ile inageuka sabuni. Alirudishwa mara nyingi hadi Prefe, mkuu wetu wa shule, akamwambia: "Mara mbili tena, basi, utatafuta shule ingine."

Tukaomba mlango ufungwe saa moja na nusu. Prefe akacheka. "Batoto ba mbali habafike hata nusu ya shule. Munileteye hesabu, nitabadilisha."

Prof Muhindo, mwalimu wetu wa hesabu, alifurahi kama mtu aliyeletewa nyama. Alisema tuanze kwa kukubali neno la Prefe: tuseme wanaotembea zaidi ya dakika arobaini ni nusu tu. Kisha tuchague watu sitini, tuwaulize. Wakizidi thelathini kidogo, inaweza kuwa bahati tu, kama kurusha sarafu. Wakizidi sana, bahati haiwezi tena kubeba mzigo huo, na neno la Prefe linaanguka. Akapiga hesabu ubaoni, akaweka mpaka kabla hatujamuuliza mtu yeyote: thelathini na saba.

Mimi nikajitolea kwenda kuwauliza wanaorudishwa mlangoni. Prof akanitazama. "Weye, ukitaka kujua kama Butembo iko na bagonjwa bengi, utaenda kuuliza ku hospitali?"

Darasa lilinicheka hadi mapumziko. Basi tukaandika majina ya shule nzima kwenye vikaratasi, tukavimimina katika beseni la kufulia, na Kavira akafumba macho akachota sitini.

Nilizunguka na daftari siku nne. Sikukaa, sikula vizuri, nilimfuata mtoto mmoja wa kidato cha kwanza hadi mlango wa choo. Nikajumlisha, nikajumlisha tena. Thelathini na sita.

"Donc, ni kusema Prefe iko na haki?" Kavira aliuliza.

"Hapana," Prof akajibu. "Hatukumushinda, lakini na yeye hakushinda. Tuliona batu kidogo. Juma ile inakuya tutachota upya, mia moja na makumi mbili."

Juma linalokuja! Mwanangu, hujui jinsi juma moja linavyoweza kuwasha mwili. Mvua haikukoma, Kavira alibakiza mara mbili, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Mtu mmoja tu! Nikapitia orodha, nikaona jina langu mwenyewe. Nilichotwa kama wengine, na mbele yake nilikuwa nimeandika "karibu". Kwetu ni nyuma ya ukuta wa shule; nikiamshwa na kengele ya kwanza, nawahi ya pili. Nikafuta. Nikaandika "mbali". Nikakimbia kumpa Prefe kabla Prof hajajua.

Kesho yake Prefe alisoma orodha mbele ya shule nzima, jina kwa jina. Akafika kwangu. Akageuka taratibu kutazama ukuta, ambako kikwembe cha mama yangu kilikuwa kimeanikwa, kinakunywa jua la bure.

"Weye, unatoka mbali? Mama yako anaanikia ku ukuta yangu!"

Hata walimu walicheka. Mimi pia nilicheka, na hicho ndicho kinanichoma zaidi. Kavira hakucheka. Prefe akachana orodha. "Kama mumoja ni wa uongo, bote ni ba uongo. Hakuna hesabu ingine."

Nilimwendea Prof nikitegemea kofi. Hakunipiga. "Batu makumi tatu na sita balisema kweli," alisema, "na hakuna mutu atabasikia tena. Sababu yako."

Mwezi haukuisha Kavira akarudishwa mara zake mbili. Sasa yuko Beni kwa shangazi yake, anasoma huko, darasa moja nyuma. Siku ya kuondoka alinitazama hadi nikaangalia viatu vyangu. "Ile juma ilikuwa yangu ya kungojea," akasema. "Haikuwa yako."

Na hadi leo sijui. Labda wale mia moja na ishirini wangetupa ushindi, labda hapana. Ningeshindwa kwa hesabu safi, angalau ningejua nimeshindwa na nini.

Sikiliza basi. Chagua watu wako kwa haki, hata jibu wasilolipenda rafiki zako likija. Mpaka uliouweka kabla ya kuhesabu usiuguse baada ya kuhesabu. Jibu likija pungufu, liandike pungufu, halafu useme kwa sauti: "Bado sijaona ya kutosha." Hiyo si aibu. Na mkono ukikuwasha kwa ajili ya mtu unayempenda, muulize kwanza yeye kama anataka umharakishie.

Mungu akupe subira iliyopita kwangu bila kupiga hodi, na ukifungua mdomo watu wakuamini. Nenda, mwanangu, ubarikiwe.